Haidrojeni haina harufu: Nani ataigundua kabla ya cheche?

UCHAMBUZI

Kila dereva wa lori na kila mfanyabiashara aliyewahi kupanga foleni Malaba, Mutukula au Gatuna anaijua harufu ya petroli. Pua ndiyo askari wa kwanza. Ukiisikia harufu hiyo, unazima sigara, unamtafuta dereva wa tangi, unasogea mbali. Gesi ya kupikia kwa asili yake haina harufu, lakini huchanganywa na kemikali inayonuka makusudi ili aliye jikoni ajue mtungi unavuja.

Haidrojeni haina ulinzi huo. Haina rangi wala harufu, na ikiwaka mchana moto wake ni vigumu kuonekana kwa macho. Hata kuichanganya na kemikali ya kunusisha hakusaidii sana, kwa sababu chembe zake ni ndogo na nyepesi mno kiasi cha kupenya mahali ambapo kemikali hiyo inabaki nyuma. Isitoshe, kemikali zenye salfa zinazotumika kwenye gesi ya kupikia huharibu mitambo inayogeuza haidrojeni kuwa umeme.

Gesi hii sasa imeingia katika mipango ya serikali za ukanda wetu. Septemba 2023, wakati wa Mkutano wa Hali ya Hewa wa Afrika jijini Nairobi, Kenya ilizindua mkakati wake wa haidrojeni ya kijani kwa msaada wa Umoja wa Ulaya. Mwaka huo huo Uganda ilitia saini makubaliano ya kujenga kiwanda cha mbolea kitakachotumia umeme wa bwawa la Karuma, ambalo lina uwezo wa megawati 600. Karibu na Naivasha, mji ambao waagizaji wa Uganda wanaufahamu kwa bandari yake kavu, shamba la Kenya Nut limefungiwa mtambo mdogo wa kampuni ya Talus unaotumia umeme wa jua kutengeneza amonia ya mbolea.

Uchambuzi huu hauulizi kama mipango hiyo ni mizuri au mibaya. Unauliza jambo dogo zaidi: gesi ikivuja, nani atajua, kwa kifaa gani, na je, kipimo kilichokubaliwa upande mmoja wa mpaka kitakubaliwa upande wa pili?

Kwanza, inamhusu nini mfanyabiashara?

Mbolea ya naitrojeni, iwe yurea au CAN, huanzia kwenye amonia. Amonia hutengenezwa kwa kuunganisha naitrojeni ya hewani na haidrojeni, na tani moja ya amonia huhitaji takriban kilo 178 za haidrojeni. Viwanda vingi duniani huipata haidrojeni hiyo kutoka gesi asilia. Mipango ya Kenya na Uganda ni kuipata kwa kuyachanganua maji kwa umeme wa mvuke wa ardhini, wa maji au wa jua.

Aliyefanya biashara ya mbolea mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza, hahitaji kuelezwa maana ya kutegemea meli kutoka mbali. Bei ilipanda kabla mzigo haujafika Mombasa au Dar es Salaam, na mkulima wa mwisho, awe Mbale au Ngozi, ndiye aliyelipa. Ndiyo maana mkakati wa Kenya unalenga kupunguza uagizaji wa mbolea ya naitrojeni kwa asilimia 20 ifikapo 2027 na asilimia 50 ifikapo 2032.

Wapo watakaosema kwamba haidrojeni yenyewe haitavuka mpaka, kitakachovuka ni mifuko ya mbolea. Kwa sehemu kubwa wana haki. Haidrojeni ni ghali kusafirisha: lazima ibanwe kwa shinikizo kubwa, mara 350 hadi 700 ya shinikizo la hewa tunayovuta, au ipozwe hadi sentigredi 253 chini ya sifuri ili iwe kimiminika. Kiwanda chenye akili huitumia pale pale inapozaliwa. Lakini hata hivyo mfanyabiashara hayuko salama, kwa sababu kiwanda kikisimama kutokana na uvujaji au mlipuko, mkataba wake wa mzigo nao unasimama. Na mitungi ya haidrojeni si migeni viwandani. Viwanda vya kugandisha mafuta ya kula duniani vimeitumia gesi hii kwa miongo mingi.

Gesi yenye tabia zake

Gesi ya kupikia hushika moto ikiwa kati ya asilimia 2 na 10 ya hewa, kwa makadirio. Ikizidi hapo, hewa inakuwa haitoshi kuiwasha. Haidrojeni hushika moto ikiwa kati ya asilimia 4 na 75. Cheche inayohitajika ni ndogo sana, hata ile ya nguo ya nailoni inayosuguana na kiti cha gari inaweza kutosha.

Tabia nyingine inawapinga wote waliozoea mitungi ya gesi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na mlango ukiachwa wazi hutoka. Haidrojeni ni nyepesi kuliko hewa mara 14. Hupaa haraka, na uwanjani hilo ni jambo jema kwa kuwa hupotea angani. Ndani ya chumba chenye dari iliyozibwa hujikusanya juu, mahali palipo taa na nyaya.

Wenye fedha na ujuzi kuliko sisi wamepata taabu nayo. Juni 10, 2019, kituo cha kujazia magari haidrojeni huko Sandvika, karibu na Oslo nchini Norwei, kililipuka. Uchunguzi ulionyesha kwamba boliti za kizibo cha tangi moja hazikufungwa ipasavyo. Kishindo kilitosha kufungua mifuko ya hewa ya magari yaliyokuwa jirani, na watu wawili wakaumia kidogo. Septemba 3, 2022, shirika la NASA la Marekani liliahirisha kurusha roketi ya Artemis I kwa sababu haidrojeni ilikuwa ikivuja kwenye kiungo cha bomba la kujazia. Tofauti ya visa hivi viwili ni kwamba NASA walikuwa na vifaa vilivyowaambia mapema, wakasimamisha kazi.

Uzi wa kioo unavyonusa

Vifaa vya kawaida vya kugundua haidrojeni hutumia umeme. Vipo vinavyopasha moto waya mdogo, na vipo vinavyotumia kemikali kama betri. Vingi hufanya kazi vizuri, lakini vina jambo moja la kushangaza: vinapeleka umeme mahali ambapo cheche haitakiwi kabisa. Ndiyo maana huwekwa ndani ya maboksi mazito yaliyotengenezwa kuzuia mlipuko, na kila kimoja huhitaji waya wake.

Uzi wa kioo haubebi umeme. Ni jamaa wa ule ule unaoleta intaneti, ambao Tanzania huitwa mkongo na Kenya na Uganda wengi huuita fiba. Kinachopita ndani yake ni mwanga. Mashine inayotuma na kusoma mwanga huo inaweza kukaa ofisini, kilomita kadhaa kutoka kwenye tangi, na mahali penye gesi pakabaki na kioo tu.

Lakini kioo peke yake si pua. Kinachonusa ni madini ya paladiamu, ndugu wa platini. Tangu karne ya 19, mkemia wa Uskoti Thomas Graham alionyesha kwamba paladiamu hunyonya haidrojeni mara mamia ya ujazo wake. Mwaka 1984, mtafiti M. A. Butler wa maabara ya Sandia nchini Marekani alichapisha matokeo ya kuupaka uzi wa kioo paladiamu ili kuitambua gesi hiyo. Vifaa vingi vya leo ni watoto na wajukuu wa wazo hilo.

Paladiamu ikinyonya haidrojeni huvimba, kama maharage yaliyolowekwa usiku. Ikiwa imepakwa juu ya uzi wa kioo, inauvuta uzi huo kwa kiasi kidogo mno. Ndani ya uzi huchongwa kwa mwanga wa leza vistari vidogo vinavyorudisha rangi moja tu ya mwanga na kuruhusu nyingine zipite. Uzi ukivutwa, rangi inayorudi hubadilika. Jicho haliwezi kuona badiliko hilo, lakini mashine inaweza. Gesi ikiondoka, paladiamu husinyaa na rangi hurudi ilipokuwa, jambo ambalo maharage hayafanyi.

Zipo njia nyingine mbili zinazotumika sana. Moja ni kupaka ncha ya uzi utando mwembamba wa paladiamu unaofanya kazi kama kioo cha kujitazama, na gesi ikija kiasi cha mwanga unaorudi kinabadilika. Nyingine hutumia oksidi ya tungsteni iliyochanganywa na platini kidogo, ambayo ikikutana na haidrojeni hugeuka rangi ya buluu.

Faida kwa mwenye kiwanda ni kwamba uzi mmoja unaweza kuchongwa sehemu nyingi za kunusia, kila moja na rangi yake. Badala ya nyaya ishirini zinazopanda ukutani, panapita uzi mmoja kutoka pampu hadi tangi hadi darini, na mashine ya ofisini inajua ni sehemu ya ngapi iliyonusa.

Mahali inapoteleza

Msomaji anayenunua vifaa anajua kwamba muuzaji husimulia faida tu. Basi na udhaifu usemwe.

Uzi uliochongwa vistari hauvutwi na gesi peke yake. Joto nalo huuvuta. Kifaa kilichopangwa asubuhi yenye baridi ya Naivasha kinaweza kulia jua la saa saba bila gesi yoyote, ikiwa mtengenezaji hakuweka sehemu ya pili isiyopakwa paladiamu kwa ajili ya kulinganisha. Mnunuzi asiyeuliza kuhusu sehemu hiyo ananunua kipimajoto cha bei ghali.

Paladiamu tupu, ikivimba na kusinyaa mara nyingi, hupasuka na kubanduka. Ndiyo maana huchanganywa na dhahabu, fedha au nikeli. Pia hulewa: moshi wenye monoksidi ya kaboni na gesi zenye salfa huziba uso wake ikaacha kunusa. Kwenye kituo ambacho malori huachwa yakinguruma saa nzima, hilo si jambo dogo.

Kisha kuna kasi. Wizara ya Nishati ya Marekani iliweka lengo kwamba kihisi cha haidrojeni kijibu ndani ya sekunde 1, kipime kuanzia asilimia 0.1 hadi 10, na kidumu miaka 10. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chalmers cha Uswidi walitangaza kihisi kinachotumia mwanga na chembe ndogo za paladiamu zilizochanganywa na dhahabu, kilichojibu chini ya sekunde moja. Kutoka maabara hadi ukuta wa kiwanda, hata hivyo, ni safari nyingine. Na uzi wenyewe si ghali sana. Kinachogharimu ni mashine ya kuusoma, na fundi wa kuitunza.

Transfoma: haidrojeni iliyopo tayari

Anayeona mambo haya ni ya kesho atazame transfoma kubwa iliyo karibu naye. Ndani yake kuna mafuta ya kupoza koili. Koili ikianza kuharibika, umeme huruka ruka ndani ya mafuta na kuyavunjavunja, na moja ya gesi za kwanza kuzaliwa ni haidrojeni. Huyeyuka kimya ndani ya mafuta wiki au miezi kabla transfoma haijaungua. Wahandisi huanza kuangalia kwa makini ikifika takriban sehemu 100 kwa milioni.

Kwa kawaida fundi huchota mafuta na kuyapeleka maabara. Kati ya sampuli moja na nyingine panaweza kupita miezi. Kihisi cha uzi wa kioo kinaweza kukaa ndani ya mafuta hayo muda wote, kwa sababu kioo hakipitishi umeme na hakisumbuliwi na volti kubwa zilizopo. Tayari nyuzi za kioo hutumika ndani ya baadhi ya transfoma kubwa kupima joto la koili. Watafiti wamekuwa wakiziongezea kazi ya kunusa haidrojeni.

Hili linagusa mpaka moja kwa moja, kwa sababu siku hizi umeme nao ni bidhaa inayovuka. Kenya inanunua umeme wa Ethiopia kupitia laini ya volti 500,000 iliyoanza biashara Novemba 2022. Bwawa la Rusumo lenye megawati 80 linagawiwa Rwanda, Burundi na Tanzania. Transfoma ikiungua upande mmoja, mwenye jokofu la samaki au mashine ya kusaga upande wa pili anakaa gizani. Na haihitajiki nyingi: Juni 7, 2016, tumbili mmoja aliyeangukia transfoma kwenye kituo cha Gitaru aliiingiza Kenya karibu nzima gizani. Tumbili hakuna kihisi cha kumzuia. Koili inayooza polepole inaweza kugunduliwa.

Kipimo kisichokubaliwa hugeuka kikwazo

Hapa ndipo wafanyabiashara wa mipakani wana la kuwafundisha wahandisi. Machi 5, 2021, Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Malori yakakwama. Siku chache baadaye zuio likaondolewa kwa masharti, likiwemo cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Sumukuvu ni hatari ya kweli, inaua, na hakuna mwenye akili anayetaka kuiuza. Lakini mwenye mzigo alijikuta kati ya vipimo viwili: kile kilichofanywa alikotoka na kile kilichotakiwa alikokwenda. Aliyelipa gharama ya siku za foleni hakuwa maabara.

Haidrojeni na amonia zinaweza kurudia hadithi hiyo. Kihisi chochote lazima kipimwe mara kwa mara kwa gesi inayojulikana kiwango chake, vinginevyo namba yake haina maana. Ikiwa kifaa kimehakikiwa Nairobi, je, afisa wa Kampala au Kigali ataikubali karatasi hiyo? Kengele ilie gesi ikifika asilimia 1 ya hewa, yaani robo ya kiwango cha kushika moto, au ilie mapema zaidi? Lori likisimamishwa kwa kengele ya uongo iliyosababishwa na jua, nani analipa siku hiyo?

Misingi ya kujibu ipo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria ya viwango, ubora, vipimo na upimaji tangu 2006, iliyokusudiwa kuhakikisha kazi ya KEBS, TBS, UNBS, RSB au BBN inaheshimiwa na wenzao. Kimataifa kipo kiwango cha ISO 26142 cha mwaka 2010 kuhusu vifaa vya kugundua haidrojeni. Vituo vya huduma kwa pamoja mpakani vimewaweka maafisa wa nchi mbili chini ya paa moja. Kazi iliyobaki ni ya kukaa mezani wakati mitambo ni michache na hakuna mzigo uliokwama, kwa sababu makubaliano yanayotafutwa huku malori yamesimama daima humwelemea mwenye lori.

Sheria bila macho haitoshi pia. Usiku wa Februari 1, 2024, gesi ya kupikia ililipuka Embakasi, Nairobi, ikaua na kujeruhi watu zaidi ya 200. Mamlaka ya nishati ya Kenya, EPRA, ilisema maombi ya kibali cha kituo katika eneo hilo yalikuwa yamekataliwa. Karatasi ilikuwa imesema hapana, gesi ikaendelea kujazwa. Na barabarani tunakumbuka Sange, Kivu Kusini, Julai 2010, ambako zaidi ya watu 200 walikufa tangi la mafuta lilipopinduka, na Morogoro, Agosti 10, 2019, ambako zaidi ya 100 walikufa. Huko kote petroli ilinuka. Gesi isiyonuka haitaacha hata onyo hilo.

La kufanya sasa

Baadhi ya mambo hayasubiri mikutano ya Arusha. La kwanza ni kusoma vibao vya rangi ya chungwa kwenye malori. Namba 1203 ni petroli, 1202 ni dizeli. Namba 1005 ni amonia, ambayo hunuka vikali na huunguza mapafu. Ukiiona ikivuja kimbilia upande upepo unakotoka. Namba 1049 ni haidrojeni iliyobanwa. Ukiikuta kwenye foleni, usisubiri harufu.

La pili linawahusu wenye maduka ya sola na wanaochaji betri za magari na bodaboda. Betri za risasi na asidi zikichajiwa hutoa haidrojeni. Dirisha la chini halitoshi. Tundu liwe juu, karibu na dari, na swichi na mashine za kuchomelea ziwe mbali. Anayetaka kuagiza vifaa vya kugundua gesi atavikuta katika kitabu cha ushuru chini ya 9027.10, na kabla ya kulipa amuulize muuzaji maswali matatu: kinajitenga vipi na joto, kinadumu miaka mingapi kwenye moshi, na nani katika nchi yetu ana uwezo wa kukihakiki.

La tatu ni la vyama vya wafanyabiashara. Kamati za viwango hupokea maoni ya umma kabla ya kupitisha kiwango kipya, na mara nyingi viti vya wenye malori na wenye mizigo huwa vitupu. Kiwango cha kugundua haidrojeni kikija mezani, kitasomwa na wahandisi wanaojua mwanga na paladiamu. Hawatajua foleni ya Malaba siku ya Ijumaa jioni, matangi na mabasi yakiwa yamebanana na wauza ndizi wakipita katikati. Hilo lazima wakaambiwe na anayelijua.